Harith wa Kizingitini na Vita vya Kijiti cha Dari

Sogeeni, enyi mlioketi madakani, nanyi mlioshuka asubuhi hii kutoka Mtangawanda nguo zingali zimelowa chumvi! Zimeni simu, wekeni chini vikombe, mpisheni punda na mawe yake kisha mzibe njia asipite mwingine, kwani nina habari nzito. Kwa jina la Mola aliyeumba miti akaipa subira ya kusimama, nawasimulia jinsi Harith bin Barka, simba wa Kizingitini, bwana wa shahada moja na nusu, alivyokwenda kuteka kijiti kimoja chembamba kama penseli kutoka dari ya Bi Rawiya wa Mkomani.

Jueni kwanza sababu ya vita. Mti wa mkoko, tangu uote matopeni, hujivika pete moja ndani ya gogo lake kila mwaka: mwaka wa mvua pete nene, mwaka wa ukame pete nyembamba, hata ajuaye kuzihesabu akasoma humo mvua za zamani ambazo hakuna mja aliyeziandika. Lakini mikoko mikongwe aliyoihitaji Harith ilikwisha kukatwa zamani, ikawa boriti za kubebea dari za Amu, na boriti haisomeki mpaka ujulikane mwaka ilipokatwa. Hapo ndipo Bi Rawiya alipoingia katika tarikhi. Ada ya wakwasi wa mji huo ilikuwa kumjengea binti ghorofa juu ya nyumba ya wazazi wake anapoolewa, na nyanya wa Bi Rawiya aliolewa mwaka 1341 wa Hijria, hati ya ndoa ipo mpaka leo kabatini. Basi boriti za ghorofa hiyo zilikatwa mwaka huo huo, na Harith hakuijua dari nyingine yenye ushahidi kama huo.

Tena siku zilikuwa zimembana. Profesa Murithi, sultani wa mradi wa pete za miti, angeshuka uwanja wa ndege wa Manda Alhamisi akitoka Nairobi, naye alitaka vijiti kumi na viwili vilivyotobolewa katika boriti, ilhali sandukuni mlikuwa na kumi na kimoja. Alikuwa amekwisha kuandika, bila salamu, kwamba pasipo cha kumi na mbili nafasi ya uzamili ya Harith angepewa mwanafunzi mwingine, ambaye begi lake lilikuwa tayari mlangoni na ambaye hajapata kuuona mkoko ila kwenye simu. Harith aliogopa, nami sitamficha. Mamake alikwisha kuitangazia Kizingitini nzima kuwa mwanawe ni daktari, na wagonjwa wawili walikuwa wanamsubiri.

Jumatatu baada ya alasiri shujaa akavaa kofia ngumu ya mradi, akatwaa kekee yake ya kutobolea mti, ya chuma yenye tundu katikati, silaha iliyofuliwa nchi za theluji, akaingia vichochoro vya Mkomani kifua mbele. Akafika daka la Bi Rawiya, zile baraza mbili za mawe zinazotazamana mbele ya mlango wa nakshi. Akapiga hodi mara tatu, akauhutubia mlango.

“Ewe mlango mtukufu, uliofunga nyuma yako mvua za miaka sitini! Sikuja kwa shari, nimekuja kwa sayansi! Funguka, nami nitatoboa tundu dogo, nitoe kijiti kidogo, niondoke na shukrani kubwa!”

“Ni nani huyo?” ikauliza sauti ya Bi Rawiya kutoka ndani.

“Harith, Bi. Wa mradi wa pete za miti.”

“Abdulkadir hayupo, mwanangu. Yuko Mombasa. Nyumba haina mwanamume yeo. Keti hapo dakani.”

Harith akampigia simu huyo Abdulkadir, mtoto wa Bi Rawiya, akamwomba idhini. Abdulkadir akajibu kwamba nyumba ni ya mama, na amuulize mama. Mama alipoulizwa akasema kweli nyumba ni yake, tangu kwa nyanya yake, “lakini wewe upite mpaka chumba cha ndani na sisi ni wanawake watupu, watu watasemaye?” Angekuwapo mtaalamu wa kike, vita vingekwisha kwa dakika kumi. Mradi ulikuwa na wataalamu saba, na mwanamke wao mmoja walimwacha Nairobi apange risiti.

Basi mzingiro ukaanza. Siku tatu simba wa Kizingitini aliizingira ngome ile, na siku tatu ngome ikamlisha. Jumatatu zilitoka kaimati na kahawa. Jumanne ulitoka mkate wa mofa na samaki wa kukaanga. Jumatano ilitoka sahani ya pilau ambayo hata kiongozi wa jeshi lililoshinda hajapata kuiona, na shujaa, aliyeapa mbele ya kekee yake kwamba hatatikisika, akalegeza mkanda matundu mawili. Kila baada ya kula alisimama akahutubia. Kila alipohutubia, sauti ilimuuliza kama pilipili imetosha.

Jumatano hiyo, alasiri ikielekea ukingoni, Bi Rawiya alichoka naye.

“Hicho chombo chako hufanyaye kazi?”

“Huzungushwa kwa mkono, Bi, polepole, kuingia mpaka moyo wa boriti. Kisha hutiwa ulimi huu mwembamba tunduni, ukazungusha nyuma kidogo, ukavuta, kijiti kikatoka kizima.”

“Nipa. Hayat, ndoo hapa unishikie ngazi! Mimi nimekuna nazi miaka sitini, n'tashindwa na boriti moya?”

Mlango ukafunguka upana wa kiganja, mkono wenye bangili ukatoka, ukaitwaa kekee. Harith hakuwa na la kufanya ila kuamrisha vita akiwa nje. Akapanda juu ya baraza, akanyoosha kidole mbinguni.

“Songeni, majeshi! Kulia, Bi Rawiya, kulia! Usimpe adui nafasi ya kupumua! Elimu yakutazama!”

“Nyamaa, wanipotezea hesabu!”

Chuma kikalia ndani ya mti mkavu. Vumbi la karne likashuka, kwa kuwa alisikika Hayat, mkaza mwana wa Bi Rawiya, akipiga chafya mara nne. Kisha Hayat akapaza sauti: “Imekwama!” Harith akashika ukuta. Aliiona nafasi yake ikipaa kwenda Nairobi na kiti chake kikikaliwa na yule mwenye begi.

“Haikukwama,” akasema Hayat baadaye. “Mama apumzika tu.”

Ikapita nusu saa, akabisha, akaambiwa, “Ngoja, twakitengeza.” Wanakitengeza! Moyo ukampasuka, maana alikwisha kujua atakachokiona. Mlango ulipofunguka ikatoka sinia, juu ya sinia kawa, na chini ya kawa, juu ya kitambaa cheupe kilichodariziwa, kijiti. Kilikuwa kizima toka ganda mpaka moyo. Kilikuwa kimeoshwa, kikapakwa mafuta ya nazi, kikafukizwa udi, kwa sababu katika nyumba ile hakuna kitu kinachotoka kwenda kwa mgeni mkubwa kikiwa na masizi, na profesa kutoka bara ni mgeni mkubwa.

“Ole wangu!” akalia Harith. “Kanuni, ukurasa wa nne! Kijiti kisiguswe na maji, wala mafuta, wala moshi! Bi Rawiya, mmeniua!”

Akaketi, akatoa lenzi yake ili angalau aione maiti. Na hapo, enyi wasikilizaji, pete zikamtazama. Mafuta yalikuwa yameziamsha: nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe, sitini na moja bila utata, ilhali vile kumi na kimoja vikavu kila kimoja kilimtoa machozi siku nzima. Ya mwisho, iliyo chini ya ganda, ilikuwa nyembamba kama uzi.

“Bi Rawiya! Mwaka wa harusi ya nyanya yako mvua haikunyesha!”

“Twajua. Alitwambia alikogeshwa kwa mai ya chumvi, visima vyote vilikauka. Ungeniuliza Jumatatu.”

Harith hakumuuliza Jumatatu. Fomu ya mradi haikuwa na mstari wa swali hilo.

Alhamisi Profesa Murithi akakiinamia kijiti, akakinusa, akakitia lenzi. “Hii kitu ni safi sana,” akasema. “Nani amegundua hii njia?”

“Ni Bi Rawiya, Prof. Ndiye aliyetoboa, ndiye aliyepaka mafuta. Na ukame pia aliujua.”

“Ana cheo gani kwa mradi?”

“Hana.”

“Basi fomu haina nafasi yake. Andika jina lako. Tutaiita Njia ya Harith.”

Harith akaishika kalamu. Aliona haya, haya ya kweli, shingo ikamwaka moto. Akamfikiria mamake. Akamfikiria mwenye begi. Kisha akaandika jina lake kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake.

Pigeni siwa, ile pembe ya masultani, basi, enyi watu wa Amu, na waandishi wachovye kalamu! Siku hiyo dari ya Bi Rawiya ilitekwa na elimu, na Harith bin Barka, simba wa Kizingitini, akaingia katika orodha ya wagunduzi. Aliketi, akala, akapewa. Na vitabu vitasema alitoboa.