Tambi za Kitaliano Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, leo sina uso. Kama kuna anayeuza nyuso za mtumba hapa Kisauni anitafute, nitachukua ya kwanza atakayonionyesha, hata kama hainienei.

Mambo yenyewe ni haya. Mke wangu Mwanasha ni mja mzito, mimba ya kwanza, na siku zake zimekaribia. Desturi ya kwao ni kwamba uzazi wa kwanza binti hurudi kwa mamake, ajifungue huko na akae huko mpaka arobaini iishe. Na kwao ni Mtongwe, huko Likoni, ng'ambo ya feri. Mimi nakaa Kisauni, kazi yangu iko Shanzu. Yaani nikitoka kazini nivuke feri nikamwangalie mwanangu kama mtu aliyeenda kumwona mgonjwa, halafu nivuke tena nirudi kulala na mito. Sikutaka. Nilitaka mtoto wangu alie hapa hapa, anikoseshe usingizi mimi babake.

Wiki iliyopita nikampigia simu mama mkwe wangu, Bi Rukia, nikamwomba kwa adabu zangu zote amwache Mwanasha ajifungulie huku. Naye akaanza kunihoji.

"Baba, mja mzito ataka kupikiwa. Wewe wajua kupika?"

"Najua, mama."

"Wapika nini?"

Nikajibu bila kufikiri: "Vyakula vya kizungu."

(Ulimi huu! Ulimi huu sijui niufanye nini.)

"Haya. Nitakuja nile, ndipo niseme."

Hapo lazima nieleze kitu. Ni kweli nafanya kazi hotelini. Lakini mimi ni dobi. Nafua vitambaa vya meza. Vyakula vya kizungu mimi navijua kwa madoa yake. Nipe kitambaa nitakwambia hii ni sosi ya uyoga, hii ni ya nyanya, na hapa mtoto wa Kijerumani alikataa supu. Kupika, sijapata kupika hata kimoja.

Nikamkimbilia rafiki yangu Charo, ambaye ndiye mpishi hasa. Akanicheka mpaka akashika meza. Kisha akanihurumia.

"Pika spageti za nyama. Wataliano hula hizo tangu wakiwa watoto, na hakuna anayezikosea. Zichemshe kwa maji ya chumvi, usizivunje, uchuje. Sosi ya nyama uipike peke yake, moto mdogo, usiwe na haraka. Nyanya, karoti, kitunguu thomu. Mvinyo kidogo..."

"Charo! Mama mkwe wangu hata soda huiuliza imetengenezwa wapi!"

"Basi tia ukwaju," akasema. (Kama kuna Mtaliano anasoma hapa, naomba radhi. Nilitia ukwaju.)

Leo ndiyo ilikuwa siku. Nimeamka mapema, nimefunga leso ya Mwanasha kiunoni, nimemkataza kuingia jikoni. Nimekatakata. Nimelia na vitunguu. Sosi ikachemka taratibu asubuhi nzima, nyumba ikanukia hata mimi mwenyewe nikaanza kujiheshimu. Jana nilipitia Nyali nikanunua chizi, yaani jibini, kipande kidogo kama sabuni ya chumba cha wageni, na bei yake sitaitaja kwa sababu Mwanasha anasoma haya ninayoandika.

Wageni wakafika. Bi Rukia, na mdogo wake Bi Time aliyekuja "kumsindikiza". (Bi Time hasindikizi mtu. Bi Time ni gazeti. Akila kwako mchana, jioni Likoni nzima inajua chumvi ilizidi au ilipungua.)

"Shikamoo, mama. Shikamoo, Bi Time."

"Marahaba, baba. Kumbe wapika kweli?" Bi Rukia akachungulia jikoni. "Na Mwanasha yuko wapi?"

"Nimemwambia apumzike, mama."

Akatikisa kichwa, lakini kile kichwa kilitikisika vizuri. Nikaona mambo yanakuja. Spageti zangu zilikuwa zimeshachujwa, nimezitia kwenye hotpot na kufunika zisipoe. Sosi iko juu ya meko. Adhana ya adhuhuri ikalia, nikaenda msikitini nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Na huko nikamwomba Mungu chakula changu kisiniaibishe.

Niliporudi nikasikia harufu ya iliki. Nikadhani jirani anapika mahamri. Nikatandika meza, nikapanga uma. Ndiyo, uma! Bi Time akaishika yake akaigeuzageuza, akauliza, "Hii ni ya kulia au ya kuchania nywele?" Nikacheka kwa sauti ya juu kuliko utani wenyewe.

Nikafunua hotpot. Spageti zinang'aa! Nikajisifu moyoni kwamba nimechuja kitaalamu. Nikabeba sufuria ya sosi mpaka mezani, nikawamwagia wageni mmoja mmoja kwa upawa mrefu, mkono mmoja nyuma ya mgongo kama nilivyowaona wahudumu wa hotelini, kisha nikanyunyizia chizi juu. Na kwa kuwa kimya kilikuwa kizuri, nikakijaza kwa hotuba.

"Mama, siri ya chakula hiki ni kutokiharakisha. Wenzetu wa Ulaya hawachanganyi mambo. Kila kitu na ladha yake."

Bi Rukia akasema bismillahi, akala. Bi Time akala. Bi Time akaacha kutafuna, akamwangalia dada yake. Bi Rukia akaangalia sahani. Mwanasha akanifinya paja chini ya meza. (Mimi nikadhani ni mapenzi. Nikamkonyeza.)

Ndipo na mimi nikatia tonge mdomoni.

Lahaula! Sukari! Si sukari ya kudokoa, sukari ya harusi! Iliki! Samli! Na juu yake thomu, nyama ya kusaga, ukwaju na kile kichizi cha Nyali. Ulimi wangu ulisimama katikati haujui uende upande gani.

Mtu mwenye akili angemeza, akanyamaza, akafikiri. Mimi niliinuka. Nikamwona akilini yule mwenye duka aliyeniuzia pakiti ya spageti, nikamwona usoni kabisa, anacheka. (Kama vile kuna kiwanda kinachouza tambi zikiwa na iliki ndani. Lakini hasira haiulizi.)

"Huyu muuza duka kaniuzia nini? Ni mtu gani mwenye akili timamu anatia sukari kwenye chakula cha nyama? Wallahi namrudishia pakiti yake leo hii! Huyo hata jikoni kwao hakufunzwa!"

Mwanasha alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili.

Bi Rukia akaweka uma chini, polepole, kama anayeogopa kuamsha mtoto.

"Baba, muuza duka mwache. Usimsingizie mtu wa watu. Ni mimi."

Nyie! Mama mkwe wangu mwenyewe!

Bi Time akageuka kwangu. "Ati jikoni kwao hakufunzwa? Kwao si ndiko kwetu? Mamake si ndiye mamangu?"

Nilikuwa bado nimesimama. Uzi mmoja wa spageti ulikuwa umeninasa ndevuni, nausikia unatikisika kila nikipumua, na sikuwa na ujasiri wa kuuondoa. Nikasema kitu ambacho hata sasa sikielewi. Nikasema: "Lakini ni tamu, mama." Nikakaa, nikaanza kula kwa haraka, tonge juu ya tonge, kama mtu anayekula ushahidi.

"Usile hivyo, utapaliwa," akasema Bi Rukia. Kisha akanieleza, na sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo. "Naliingia jikoni kunywa maji, nikafunua, nikaona tambi nyeupee. Hazina sukari, hazina iliki, hata samli hazina. Nikasema, maskini kijana wa watu, kahangaika tangu asubuhi, na kitu chenyewe kasahau. Na Time huyu mwamjua mdomo wake."

"Mdomo wangu umefanyani?" akauliza Bi Time.

"Basi nikatia mimi mwenyewe, nikakoroga, nikafunika. Nikanyamaza kimya. Nataka sifa zikuendee wewe."

Na kweli, hapa kwetu tangu nizaliwe tambi ni za sukari, samli na iliki. Mimi mwenyewe nimelelewa nazo. Nilikuwa nimemweleza kila mtu kuhusu Wataliano ila mama mkwe wangu, na hata sosi iliyokuwa mekoni yeye aliidhani ni mchuzi wa chakula kingine. Mama wa watu kaingia jikoni kunisitiri mbele ya ndugu yake, na mimi nimesimama kwenye meza yangu nimemtukana yeye, akili yake na jiko la mamake. Niliumia. Machozi yalinilenga, na safari hii hakukuwa na kitunguu. Nikaondoka kwenye kiti nikapiga magoti, nikamshika mkono.

"Mama, nisamehe. Mchukue Mwanasha. Mimi sistahili."

Bi Rukia akavuta leso akajifunika mdomo. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua analia, nikazidi kuumia. Kumbe anacheka! Akacheka mpaka Bi Time naye akaanza, mpaka Mwanasha akashika tumbo akasema mtoto anapiga teke.

"Toa kwanza huo uzi ndevuni," akasema Bi Rukia alipopata pumzi. "Mwanamume anayekitetea chungu chake kwa hasira namna hiyo, huyo hakuwa akicheza. Huyo kapika. Mwanasha hatoki hapa."

"Mama!"

"Atajifungulia hapa hapa, kwa mumewe."

Nilitaka kuruka. Nikambusu mkono mara mbili. Nikamwambia Mungu ambariki, ampe afya, ampe umri mrefu.

"Na mimi nitakuja nikae nanyi mpaka arobaini iishe," akasema. "Chumba kile cha mbele chanitosha. Jumamosi nitaleta nguo zangu na mbuzi yangu ya kukunia nazi. Na wewe, baba, jikoni usiingie tena. Hata maji utaletewa."

Basi nimeandika haya nikiwa nje kwenye kizingiti, maana huko ndani wanaosha vyombo na wameshaanza kupanga upya makabati yangu. Mke wangu kabaki nyumbani kwake kama nilivyotaka. Aliyehamishwa ni mimi. Atakayecheka, namwalika Jumamosi aje abebe godoro la mama mkwe.