Gari Haiwezi Kulala

Siku Mama Jepkemei alipoingiza Landrova yake pale Free Area, Nakuru, kuuliza habari ya springi, fundi Nyongesa aliitazama vile mchungaji hutazama bahasha ya sadaka: kwa heshima, na kwa hesabu. Ilikuwa gari kuukuu, matope ya kwao Ndabibi mpaka kwa kioo, lakini chini yake kila kitu kilikuwa cha asili, chuma cha zile siku chuma ilikuwa chuma.

Na Nyongesa alihitaji chuma. Kiwanja alichofanyia kazi kilikuwa cha barabara, maana yake cha umma, maana yake cha Kamande, mtu wa mkono wa mheshimiwa fulani. Kamande alikuwa amesema wazi: "Nipe Landrova safi, ukae hapa mpaka uzeeke. Ukikosa, nitaleta tingatinga." Nyongesa alikuwa na chesisi na bodi tupu tu, alizookota kwenye mnada wa serikali, kule magari huachwa yaoze ndio wakubwa wapate sababu ya kununua mengine.

"Mathe," akasema, akijifuta mikono isiyokuwa na grisi, "hii gari inalia. Inataka kuinuliwa. Springi mpya, difu mpya, gia-boksi ya kisasa, na bomba ya kupumulia ikiingia maji. Ile barabara yenu..."

"Gani? Ile ya lami?"

"Kwani iko na lami?"

"Kwa hotuba iko." Mama akacheka, kisha akakunja uso. "Lakini fundi, gari haiwezi kulala hapa. Mimi nabeba maziwa kila siku."

"Nani amesema ilale? Leo kitu moja, wiki ijayo kingine. Hutakosa kuwa barabarani hata siku moja. Naapa mbele ya hawa."

Hawa walikuwa Nasimiyu, muuza chai wa kando ya kiwanja, na wateja wake. Wakaitikia kwa kichwa, vikombe mkononi.

"Na malipo?"

Hapo Nyongesa akashusha sauti mpaka ikawa ya kanisani. "Wewe ni kama mamangu. Sitaki hata shilingi. Ile ya zamani nikitoa, niachie tu."

Mama Jepkemei, ambaye sokoni alijulikana kwa kuomba nyongeza juu ya nyongeza, alimeta macho. "Ya zamani yako, mpya yangu?"

"Ya zamani yangu, mpya yako."

"Sawa. Watu wamesikia."

Basi kazi ikaanza. Springi za asili zikatoka, zikaingia zingine laini kama chapati. Gia-boksi ikatoka, ikaingia moja iliyotafuta gia ya tatu kama kijana anayetafuta kazi. Bomba ya kupumulia ilikuwa ya maji ya choo, imepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Haikufika kwa injini, iliishia njiani kama ahadi ya kampeni. Na kila kilichotoka, Nyongesa alikiosha kwa dizeli, akakitia beringi mpya, akakifunga kwenye ile bodi yake nyuma ya kibanda. Beringi na rangi alizipata kwa kuuza televisheni ya nyumbani, mkewe akiwa amesafiri.

Mama Jepkemei, akinywa chai, aliona ile bodi ikinenepa.

"Hiyo inapendeza. Ya nani?"

"Ya mkubwa mmoja."

"Basi usimlipulie kazi. Breki umeangalia?"

Nyongesa hakuwa ameangalia. Akaangalia.

Injini ilibadilishwa mwisho, Jumapili, mama akiwa kanisani. Jumatatu Nyongesa alikuwa ameiwasha Landrova yake mpya, inaunguruma vizuri, akimngojea Kamande. Aliyetangulia kufika ni Mama Jepkemei, gari yake ikisukumwa na vijana, mitungi ya maziwa imejaa nyuma.

"Fundi! Imezima hapo tu! Na maziwa iko kwa jua!"

"Mathe, nipe masaa mawili."

"Uliapa sitakosa barabara." Akamgeukia Nasimiyu. "Hakuapa?"

"Aliapa," Nasimiyu akasema. "Tena mpaka mate yakaruka."

Kabla Nyongesa hajapata uongo, na huyo hakuwa mtu wa kukosa uongo, mitungi ilikuwa imehamishwa na mama ameshika usukani wa ile inayounguruma.

"Jioni utarudisha?" Nyongesa akapiga kelele.

"Jioni utanipigia simu!"

Nyongesa hakungoja jioni, alipiga simu papo hapo.

"Mathe, hiyo gari ni ya watu!"

"Watu gani? Injini yangu, difu yangu, gia-boksi yangu. Nimezunguka Nakuru yote nikitafuta fundi wa kunifungulia hii gari yote, aioshe, na isilale. Wote walikataa. Ni wewe tu Mungu alinipa."

"Na bodi? Na chesisi?"

"Hizo ni mpya. Mpya ni yangu. Ya zamani nimekuachia hapo, yote."

Nyongesa alizima simu, akatia spana kwa gunia, na kabla ya saa sita alikuwa njiani kwenda Bungoma.

Kamande alifika, akaikuta Landrova moja katikati ya kiwanja. Akaizunguka. Akapiga tairi teke. Akagusa ile bomba nyeusi, akatabasamu. Chini hakuangalia; wakubwa wangekuwa wa kuangalia chini, mashimo yangekwisha zamani. Ilipokataa kuwaka akasema ni baridi, akaita lori ya serikali iivute.

"Fundi ako wapi?" akauliza. "Mwambieni amemaliza deni. Kiwanja ni chake mpaka azeeke."

Nasimiyu akajifuta mikono kwa leso.

"Mimi ni mama yake mdogo," akasema, ingawa undugu wao ulikuwa wa chai tu. "Nitamwekea."

Lori ilipoondoka, akabeba jiko lake akaliweka katikati ya kiwanja, penye kivuli.