Sombe ya Mama Mukwe

Bandugu, leo sina uso. Ile nilikuwa nayo asubuhi nimeiacha mu salle ya paroisse, pale kanisani, mbele ya batu, na sitarudi kuitafuta.

Naandika mwenyewe, mbele bengine hawajawaletea habari na chumvi ya kuongeza. (Kuna batu wa groupe hii ya WhatsApp balikuwa ku banc ya tatu. Niliwaona. Musijifiche.)

Munanijua. Papa Kasereka wa quincaillerie, duka la misumari na mabati. Masomo niliacha ku mwaka wa nne ya primaire, na leo batu ba diplôme banasimama ku mulango yangu banaomba kazi. Hakuna mutu alinishika mukono. Carton inafika kutoka Chine, maandishi yote ni Kichina, mi sisomi hata herufi moja. Naangalia picha. Picha ni ya fer à repasser, pasi ya nguo? Ndani mutakuta fer à repasser. Miaka yote ya biashara, picha ya carton haijanidanganya. Mushike hiyo, juu yake njo nimekufa.

Sasa, muzaliwa wangu wa kwanza, Kasereka, anataka kuoa Espérance. Baba yake ni préfet, mukubwa wa shule moja hapa Butembo. Ni batu wa Maniema, Serikali ilibatuma huku kufundisha, bakabaki na sisi mu vita hii yote. Baba anasema kidogo sana. Mama, Mama Espé, anafundisha pia, na anaandika bitabu. Mi nimepita ku barrière za kila namna, basoda bananiuliza na bunduki mukononi, sitetemeki. Mais yule mama akiniangalia juu ya miwani, natafuta fasi ya kuweka mikono.

Siku tulienda kujionyesha kwao, aliniuliza pole pole: "Papa Kasereka, kwako banasoma?"

Ningeweza kusema kidogo. Ningeweza kusema bibi yangu, mama ya Kasereka, anasoma, na hiyo ni kweli. Nikasema: "Mama, kwangu tunasoma kuliko tunakula."

Bibi yangu alikohoa.

Mama Espé akasimama, akaingia mu chumba, akatoka na kitabu chake kipya, akanipa kwa mikono mbili. Akaniambia kutakuwa siku ya bitabu ku paroisse. Baandishi ba Beni batakuja, na ba hapa. Na moja mwenye alikimbia vita kule Kipese. Aliomba mi niwe parrain, baba ya sherehe, niseme neno juu ya kila kitabu. Kisha hapo, akasema, familia mbili zitakaa na kuongea date ya ndoa.

Munasikia? Ndoa ya mutoto wangu ilitundikwa ku mudomo wangu mwenyewe.

Ku nyumba niliweka kitabu mu vitrine, kabati ya vioo. (Nina vitrine ya bitabu mu salon. Binene byote, nilichagua bile biko na maandishi ya dhahabu.) Niliangalia cover vizuri. Sahani ya sombe, majani ya muhogo, moshi inapanda, makayabu, samaki ya chumvi, juu yake, mukono ya mwanamuke inasukuma sahani mbele. Juu bameandika: *Papa Ameshiba*. Nikasema, sawa, ni kitabu ya mapishi. Kazi ya parrain imekwisha. Nikafunga vitrine.

Siku zilizofuata bibi yangu alikitoa, akakisoma ku jikoni. Nilikuwa namusikia anacheka peke yake. Siku moja kicheko kikakatika, nikaenda kuangalia kama gaz imezima, nikamukuta anashika kifua, macho ku ukurasa. Gaz ilikuwa inawaka, nikarudi ku salon.

Jana njo aliniuliza yeye: "Papa Kasereka, ile kitabu ya mukwe, ulikifungua?"

Nikamujibu kwamba mutu mwenye anafungua container za Dubaï, hapana kufundishwa namna ya kufungua kitabu.

Akasema: "Sawa."

Bandugu, mwanamuke akisema "sawa" ya namna ile, acha yote, kaa chini, uliza. Mi niliendelea kupiga viatu cirage.

Basi, leo. Costume ya bleu, kofia, parfum. Moto, pikipiki ya taxi, ilinishusha mbele ya salle na nikasema na dereva kwa sauti kubwa juu batu bageuke. Bakageuka. Salle ilijaa. Nusu ya bancs balikaa bandugu zetu balikimbia Luofu, bale banalala mu madarasa ya paroisse. Baandishi ba Beni bakachelewa, juu balingoja gari ya basoda ibasindikize mu njia. Balifika na vumbi mpaka ku kope, na bitabu byao mu sachet, bamebikumbatia kama batoto.

Animateur, mwenye kuongoza sherehe, akaniita: "Parrain wetu, mutu wa biashara na mupenzi wa bitabu."

Mupenzi wa bitabu! Nilipanda mbele kama évêque, askofu mwenyewe.

Kwanza ilikuwa kijana wa Kipese, ule alikimbia vita. Nikafungua kitabu chake. Mistari mifupi, fasi nyeupe mingi. Nikasema: "Huyu anasema kidogo, lakini kila neno ina kilo." Batu bakapiga mikono. Kijana aliinamisha kichwa, macho yake yakapata maji. (Sikujua bado anaandika juu ya shamba la baba yake, lile balitoka bakiacha viazi mu udongo.)

Kisha mama moja wa Beni. Cover yake: sungura na mamba. Nikasema: "Hii ni ya batoto, mais mukubwa akiisoma atajiona ndani." Mikono tena. Kisha kijana na roman yake, hadithi ya mapenzi, msichana na musoda bamegeuziana mugongo. Nikasema: "Mapenzi ya hapa ina mateso, juu ya vita." Bamama ba Luofu bakasema eeeh. Mwandishi mwenyewe alishangaa namna nilimuelewa.

Munaona picha namna inafanya kazi? Nilijisemea, Papa Kasereka wee, shule ingekuchelewesha bure.

Sasa Mama Espé. Kitabu mukononi. Mu banc ya mbele, mukwe wangu préfet, Espérance na robe nyeupe, mutoto wangu pembeni yake, bibi yangu. Bibi yangu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nikashika micro.

"Kitabu hiki," nikasema, "mi sikukisoma na macho tu. Nilikisoma na tumbo."

Salle ikatega sikio.

"Tangu Mama Espé alinipa, bibi yangu anapika kila siku ya Mungu vile imeandikwa humu. Nimekula yote, kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Nikimaliza naomba aniongeze."

Batu balianza kucheka. Kwanza ku bancs ya balimu, maana balimu ndio balikuwa bamekisoma, kisha nyuma. (Mutu akiona salle inacheka, anafikiri ni akili yake inafanya kazi.) Nikaongeza sauti.

"Kila mwanamuke wa Butembo apikie bwana yake hivi! Mukiniona na afya hii, ni juu ya kitabu hiki!"

Hapo bengine balikuwa bameinama juu ya magoti. Animateur aligeuka akaangalia ukuta. Mi nilikuwa mbali, mi nilikuwa nimeshika gari ya furaha na haina frein. Nikamugeukia bibi-arusi.

"Espérance, binti yangu. Mama yako alikufundisha haya yote, sivyo? Basi mupikie Kasereka namna ileile. Kuanzia siku ya kwanza ya ndoa."

Mutoto wangu akafunika uso na mikono mbili. Mukwe wangu préfet, ule mutu sijawahi kuona meno yake, akatoa miwani, akaanza kupangusa macho. Na Espérance akaangalia mama yake, hapana kwa kucheka. Ni uso ya mutu anaona nyumba atakayoingia.

Uso ile njo ilinishusha. Nikashusha na micro.

Mama Espé alisimama akaichukua mukononi mwangu. Hakukasirika. Ingekuwa heri.

"Papa Kasereka," akasema, "hakuna mapishi mu kitabu changu. Iko mwanamuke, na mabwana zake banakufa ku meza. Batatu."

"Bote batatu?" nikauliza.

(Munasikia akili yangu? Badala ya kunyamaza, naomba détails.)

"Na sombe ya sumu," akasema.

Bandugu, salle ilianguka kwa kicheko. Musoda ule alisindikiza gari ya Beni alikuwa amesimama ku mulango, akaniambia kwa huruma kabisa, "Vieux, keba." Yaani mutu wa bunduki ananiambia nichunge maisha yangu ku nyumba yangu mwenyewe. Na animateur, badala ya kunisaidia, akamupelekea bibi yangu micro. Akamuuliza kama ni kweli anapika vile imeandikwa.

Bibi yangu akasimama. Akatengeneza kitambaa chake pole pole. Tumeishi pamoja tangu sina hata brouette ya kusukuma mizigo, nilijua ataniokoa.

Akasema: "Ni kweli. Mais sijafika bado ku sura ya mwisho."

Akakaa.

Sijui nilishuka namna gani. Najua tu nilipita katikati ya bancs na macho ku sakafu, na mama moja muzee wa Luofu akanishika mukono, machozi inamushuka ya kicheko, akasema, "Wasingya, asante mwana wangu. Tangu tulitoka kwetu sijacheka." Nikamuitikia. Ningetaka Mungu amuchekeshe na mutu mwingine.

Nilitaka kukimbia mpaka ku magasin na kujifungia katikati ya matôles, mabati yangu. Mais ndoa ilikuwa ndani ya ile salle. Nikangoja ku kivuli cha mulango. Balipotoka nikatoa kofia. Nikawaambia bote babili, mukwe na Mama Espé, kwamba nilidanganya, kwamba kitabu sikukifungua hata siku moja, kwamba hata bile bingine bya vitrine sikubifungua, na shule yangu bote banajua iliishia wapi.

Mama Espé akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema kuacha shule haimuudhi. Baba yake mwenyewe hakusoma, mais kila jioni alikuwa anaomba mutoto moja amusomee, na anatega sikio.

"Batu bananiuliza sababu gani siandiki vita," akasema. "Vita tunaijua bote. Nilitaka mutu afunge mulango, asahau muzinga kidogo, aogope kitu cha bongo, cha kutungwa tu. Kitabu nilikiweka mukononi mwako na mikono mbili, Papa Kasereka. Mutoto wangu pia nitamuleta kwako na mikono mbili."

Hapo njo nilielewa kwamba yule mama hakunipima masomo. Alitaka kujua kama mu nyumba yangu, Espérance akisema neno, iko mutu atalifungua. Na mi nilikuwa nimemuonyesha vitrine.

Niliuliza, na sauti ya mutoto wa primaire, kama ndoa imekufa.

Akaangalia bwana yake. Préfet akakohoa, akasema maneno yake ya kwanza ya siku: "Asome."

"Soma," Mama Espé akasema. "Ukimaliza, kuja kwetu uniambie nani aliua bwana wa tatu, na juu ya nini. Siku ile tutaongea date."

Nikasema mais jibu niko nalo tayari, si ni yule mwanamuke?

Akatabasamu mara ya kwanza. "Wa tatu, haiko yeye alimuua."

Basi niko ku nyumba. Costume nimevua. Nimekaa ku salon na kitabu, nafuata na kidole. Muko huru kucheka, mais nawaambia kitu moja: ni kizuri. Bwana wa kwanza ana tabia fulani kama mutu ninayemujua. Anasema yeye tu, bibi akitaka kuongea anamuambia lete chumvi. Alipoomba sahani ya pili nilisema kwa sauti, "Papa, acha!" na bibi yangu akachungulia kuona naongea na nani. Nikamuuliza nani aliua wa tatu. Akasema, "Lete chumvi," akarudi ku jikoni. Sasa najua sababu gani alikuwa anacheka.

Nimechukua pia mashairi ya kijana wa Kipese, ile moja ya viazi nimeisoma mara mbili, nikafunga, nikaenda kusimama ku dirisha. Ya sungura nitaisoma kisha.

Wale ba banc ya tatu, kama mumekisoma, hapana kuandika jina ya muuaji hapa. Juu Mama Espé ataniuliza pia sababu, na sababu haitoki ku groupe.

Mutoto wangu ametoka kuniandikia sasa hivi. Maskini, yeye na Espérance banangoja. Anauliza: "Papa, umefika ukurasa gani?"

Nimemujibu makumi tatu.

(Kweli iko ya sita. Musimuambie.)