Nilivyonenepesha Samaki wa Bosi

Leo nimejiumbua mwenyewe, tena mbele ya mama yangu mzazi. Wanadarasa wenzangu, nawaandikia kutoka intaneti kafe ya hapa Ngarenaro kwa sababu dukani sithubutu kurudi mpaka wafunge.

Mnajua nauza televisheni kwa Bwana Alnoor. Karibu na mlango ana tangi la kioo, dogo tu, lenye maji ya bahari anayoagiza kwa madumu kutoka Tanga. Ndani kuna samaki wawili wa rangi ya chungwa, na tumbawe la zambarau alilolikuza mwenyewe kutoka kipande cha ukubwa wa kidole. Tangu serikali iliporuhusu biashara huria, kila mtu mjini anauza televisheni. Bahari tunayo sisi tu. Watu wanakuja kuangalia samaki, wanaondoka na redio.

Wiki tatu zilizopita bosi alisafiri. "Eli," akaniambia, "ukinitunzia hili tangi vizuri, nikirudi nakukabidhi duka jipya ulisimamie." Tangu siku hiyo nikawa natembea kama mtu mwenye funguo mfukoni.

Akaniachia maagizo. Chakula mara moja kwa siku, kiasi cha ncha za vidole viwili. Kila Jumamosi futa kioo, badilisha ndoo moja ya maji, kisha pima kwa matone ya dawa kwenye kichupa. Yakitoka ya njano, sawa. Yakitoka mekundu, punguza chakula, maana mabaki yake ndiyo yanayolisha mwani.

Sasa mimi ni Mmeru wa Kikwe. Kwetu ukiachiwa ng'ombe wa mtu, mwenyewe anarudi kumkuta amenona. Akikuta mbavu zinahesabika, jina lako limekwisha. Ncha za vidole viwili? Niliona ni uchoyo. Nikawapa kiganja kizima, asubuhi, mchana na jioni. (Jioni niliongeza kidogo, kwa sababu walikuwa wananitazama.)

Wiki ya pili yakaanza kuota majani juu ya mawe, laini, kijani kibichi. Nikafurahi kweli. Nikasema hawa sasa wana malisho yao. Hata kioo nikaacha kufuta, nisije nikafyeka chakula cha wenyewe. Kipimo kikatoka chekundu. Nikasema dawa imeharibika.

Jana nikalifunika tangi kwa khanga mpya, nimfanyie bosi sapraizi. Nikamwita na Mama kutoka Kikwe, aje ashuhudie mwanaye anavyopewa duka. Leo amefika na gauni lake la kanisani.

Saa nne bosi akaingia. Wateja walikuwa kama sita hivi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Akanigeukia. "Samaki hawajambo?"

"Bosi, hutawatambua." (Hapo nilisema kweli.)

Nikavuta khanga.

Jamani. Ndani palikuwa kijani tupu. Mteja mmoja akauliza, "Siku hizi mnauza na mchicha?" Samaki mmoja akajitokeza kwenye kioo, mnene, anatweta, akanitazama mimi. Tumbawe sikuliona kabisa.

Bosi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Eli, ulikuwa unawapa kiasi gani?"

Nikaonyesha kiganja.

"Mara ngapi?"

Nikaonyesha vidole vitatu. Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Mama akasogea, akachungulia. Mama hajawahi kuiona bahari maishani mwake. "Haya si malisho, Eli. Ni magugu. Chakula walichoshindwa kimeozea humu, kimegeuka samadi. Samadi ikizidi unalisha magugu, mche unakufa. Si nilikufundisha shambani ukiwa darasa la pili? Kwani hukupewa kipimo?"

"Alipewa, mama," bosi akasema, kwa upole ulioniumiza kuliko kofi.

Mama akakunja mikono ya gauni la kanisani, akaanza kuung'oa mwani kidogo kidogo, kama anapalilia vitunguu. Bosi akamshikia ndoo. Mimi nimesimama na khanga yangu.

"Na wewe baba, usije ukawanyima chakula kwa hasira," Mama akamwambia. "Udongo usio na kitu nao hauzai."

Baada ya nusu saa ikaonekana ncha ya zambarau, ukubwa wa kidole. Bosi akashusha pumzi. "Mama, unaweza kuja kila Jumamosi?"

"Naweza."

Bosi akatoa funguo mfukoni. Mkono wangu ukanyooka wenyewe, wateja wote wakiona. Zilikuwa za kabati la chakula cha samaki. Akampa Mama.

Basi msinicheke. Jumamosi naripoti kwa msimamizi wangu mpya, kubeba ndoo, na nitaanza na shikamoo kama nilivyozoea nyumbani.