Dola Elfu Tisa za Bure

Alhamisi, 1 Februari

Baridi ya kuua. Gari limegoma kuwaka mara mbili. Sijali! Leo mimi, Orrin Halvorsen, nimeishinda benki.

Benki ya kadi yangu mpya ya mkopo imeniletea hundi. Kazi yake ni kuhamishia kwao deni la kadi nyingine, miezi kumi na tano bila riba. Sifuri! Lakini maandishi madogo yanasema unaweza kujiandikia hundi mwenyewe. Nimejiandikia dola elfu tisa. Ada yao ni mia mbili na sabini, wezi wakubwa. Nitaziweka kwenye akaunti ya akiba inayolipa asilimia tano, baadaye niwarudishie pesa zao na faida ibaki kwangu. Karibu dola mia tatu kwa kukaa tu kwenye kiti! Nitanunua mashine ya kutafutia samaki chini ya barafu, kubwa kuliko ya shemeji yangu Verlyn.

Verlyn ni kaka wa mke wangu. Hajawahi kukopa hata kiberiti. Gari lake alilinunua taslimu, na hatukai mezani bila kukumbushwa.

Marlys asijue. Hataki kusikia neno kadi tangu nilipokopa kufuga sungura wa manyoya. (Sungura walikuwa wazo zuri. Soko ndilo lilikosea.) Alisema siku ile kwamba kadi nyingine ikiingia humu ndani, yeye anatoka, anahamia kwa dada yake, mjini Duluth. Mke wangu hatanii.

Benki ya akiba haipokei hundi, kwa hiyo pesa zimepitia akaunti yetu ya pamoja. Jumatatu nazihamisha. Marlys haangaliagi salio.

Jumamosi, 3 Februari

Kaangalia salio.

Eti alikuwa dukani, akataka kujua kama tunaweza kumudu nyama ya kuoka. Miaka yote ananunua nyama bila kuuliza mtu, leo ndiyo akaona aulize simu! Nilitoka kuzoa theluji nikamkuta jikoni, koti mwilini, analia. Nikajua nimekwisha. Nikaanza kutafuta maneno ya kuwasingizia benki.

Akanikumbatia! Akasema, "Orrin, na mimi nilidhani umesahau!"

Nimesahau nini? Ikabidi ningoje aseme mwenyewe. Tunatimiza miaka thelathini ya ndoa mwezi wa sita. Nilikuwa nimesahau kabisa. Kumbe anaamini nimekuwa nikidunduliza kwa siri ili nimpeleke Norwe, walikotoka babu zake. Aliniuliza nilianza lini. Ningejibu nini? Nikasema, kidogo kidogo.

Kidogo kidogo! Ulimi huu!

Jumapili, 4 Februari

Kahawa baada ya ibada, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Marlys keshawaambia watu wote. Kina mama wamenijazia sahani ya keki. Mchungaji Kirsten kanishika bega, kasema laiti waumini wote wangekuwa na nidhamu yangu.

Verlyn naye akaja. Akanipa mkono, akasema mbele za watu, "Shemeji, nilikudharau bure. Nisamehe."

Nimengoja maneno hayo miaka thelathini. Yalikuwa matamu hata nikasahau kwamba nadaiwa.

Jumatano, 7 Februari

Wizi! Wizi wa mchana kweupe!

Jumatatu mfumo wa benki ya akiba ulikuwa mbovu. Jana vilevile. Leo Marlys kalipia safari. Dola elfu nane na mia nne, hazirudishwi. Nikauliza kwa upole, Norwe ya watu wawili bei hiyo? Akasema si wawili, ni wanne. Kamlipia Verlyn na mkewe, Darlene. Eti raha ya peke yetu si raha.

Bwana asiyekopa! Bwana taslimu! Anapelekwa Norwe kwa deni langu, na hatii mkono mfukoni. Tena kapiga simu jioni kuuliza kama anaweza kupata kiti cha dirishani. Nimevunja koleo la theluji. Niliangukia juu yake, lakini ningelivunja hata hivyo.

Ijumaa, 9 Februari

Nimeamua kusema ukweli. Nitamwambia leo, mgahawani, kwenye samaki wetu wa kila Ijumaa, kwa sababu pale hapigi kelele mbele ya watu.

Baadaye. Sikusema.

Tulikaa. Samaki wakaja, na viazi. Nikasafisha koo. Yeye akatangulia. Akasema ana jambo la kuungama. Akasema tangu Desemba sanduku lake la nguo limekuwa chini ya kitanda, limefungwa tayari. Alichoka, alisema. Hakuchoshwa na umaskini. Alichoshwa na kudanganywa. Alikuwa anangoja barabara ziwe nzuri aende Duluth. "Asubuhi nimelifungua," akaniambia. "Nimerudisha kila kitu kabatini. Samahani, mume wangu, kwa kukuwazia vibaya."

Miezi miwili nimelala juu ya sanduku lile. Nilishikwa na hofu ambayo sijawahi kuipata, hata siku barafu ya ziwa ilipopasuka chini ya kibanda changu cha kuvulia samaki. Nampenda yule mwanamke. Mdomo ulikuwa wazi, ukweli uko kwenye ulimi. Nikatia samaki.

Jumapili, 11 Februari

Mkutano wa mwaka wa kanisa. Walikuwa wanatafuta mweka hazina wa mfuko wa kutengeneza paa. Verlyn akasimama, akanipendekeza mimi! Akasema mtu aliyeweza kuweka dola elfu tisa bila mke kujua anaweza kuweka chochote. Mikono yote ikapanda. Marlys alipandisha miwili.

Jumatatu, 12 Februari

Hundi nyingine kwenye sanduku la barua. Benki tofauti, miezi kumi na minane, sifuri! Basi nahamishia lile deni la kwanza huku, na napata muda wa kupumua. Ada tena asilimia tatu, watu hawa hawana haya. Kosa langu halikuwa mpango. Kosa lilikuwa akaunti ya pamoja.

Usiku huu nimepitia mahesabu ya kanisa. Dola elfu ishirini na mbili zimelala pale tangu 2011 bila kuzaa hata senti. Aibu tupu! Na paa linavuja.

Marlys kapita, kauliza naandika nini. Nikasema mambo ya paa. Akanibusu kwenye kipara, akaenda kulala.

Nimepiga simu benki, ile namba inayopokelewa hata usiku, kuuliza kama kanisa linaweza kupewa kadi ya mkopo.

Linaweza.