Kura ya Kidole Mlangoni pa Bafu

Kwaruu! Ndoo iliburuzwa sakafuni kabla ya alfajiri, nikajua siku kuu imewadia. Sogeeni, enyi wenye masikio, niwasimulie vita vya bafu, bafu moja lenye kufuli moja, tegemeo la wapangaji wa nyumba nzima.

Mlinzi wa ufunguo alikuwa mkwe wangu, mke wa mwanangu, fundi cherehani, jemadari wa sindano, asiyepindisha zamu ya mtu. Tulimchagua wenyewe, kwa mwaka mmoja, baada ya kuchoshwa na shemeji wa mwenye nyumba aliyewafungulia rafiki zake kwanza. Asubuhi hiyo tulijipanga, taulo mabegani, naye akasimama mlangoni kama ngome, asifungue.

"Mwaka wangu uliisha jana," akatangaza. "Mmesahau kuchagua. Sina idhini ya kufungua hata kopo."

Loo! Jeshi likayumba! Mwalimu akabana magoti. Muuguzi, mwenye zamu ya asubuhi hospitalini, akalia, "Dada, wagonjwa wananingoja, nami nanuka usingizi!"

Ndipo akatokeza Ngurumo, dereva wa lori, kifua kama mlango wa ghala. "Dada, pisha niuvunje mlango!"

"Uvunje," akajibu mkwe wangu. "Leo utaoga. Kesho atakuja mwenye bega pana kuliko lako, aruke zamu yako. Utamlalamikia nani?"

Ngurumo akalitazama bega lake, akalishusha. "Basi tupige kura. Na mimi nagombea."

"Kwa miswaki!" akalia mwalimu. "Upesi, jamani!"

Miswaki ikapaa kama mikuki, povu likidondoka. Ya mkwe wangu, kisha ya Ngurumo: sawasawa! Mimi sina meno, mswaki wa nini? Nikamwinulia Ngurumo kidole, kwa maana ndiye anijaziaye ndoo bomba linapodondosha matone, na mkwe wangu naye alistahili kulala mpaka kuche.

"Kidole si kura!" wakafoka wapambe wa mkwe wangu.

Macho yote yakamgeukia yeye. Ufunguo ule aliupenda, jamani. Aliuvaa shingoni hata akishona. Akausugua kwa kidole gumba, polepole.

"Bibi hana meno," akasema, "si kwamba hana haki. Kidole kinahesabiwa."

Akauvua, akamvika Ngurumo, akabeba ndoo yake hadi mkiani mwa foleni. Mlango ukafunguka bila kuvunjwa! Pigeni vigelegele, enyi vizazi vijavyo, kwa maana himaya nyingi hazikuliweza jambo hilo! Na foleni nzima ikampisha muuguzi, bila kuamriwa na yeyote.

Jioni mimi na mkwe wangu tukapita chumbani kwa Ngurumo, kumwonyesha jinsi ufunguo ule unavyoinuliwa kidogo kabla ya kuzungushwa. Akatupa viti, yeye akakaa juu ya debe. Tulipoaga, akatufuata mpaka nje.

"Bibi, kesho mje tena."

"Kwani hujaelewa bado?"

"Nimeelewa. Mje tu mniangalie. Ufunguo huu umeanza kuninogea."