Kwa Nini India Haipati Warushaji wa Kasi: Jibu Kutoka Laini ya Saba

Peris Kavutha Maundu,
Mshonaji wa zipu, Laini ya 7,
Athi River.

Jumatano

Kwa Meneja Mkuu, Bwana Kulkarni.
Nakala: Katibu wa chama cha wafanyakazi.

Bwana Kulkarni mpendwa,

KUH: JIBU LA SWALI LAKO, PAMOJA NA MALALAMIKO

Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kijiti chako cha katikati kimepata gundi.

Mimi ni Kavutha, yule mshonaji aliyekutoa uwanjani kwa mpira mmoja Jumamosi iliyopita. Sijaandika kuomba msamaha. Nimeandika kujibu swali lako, na kwa kuwa jibu lenyewe ndilo lililonifukuzisha kwenye timu, nimelichanganya na malalamiko ili usisome karatasi mbili.

Swali uliliuliza wakati wa chai, nyuma ya stoo, kabla hatujaanza mazoezi. India ilikuwa imeshindwa kriketi na uso wako ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Ulisema nchi ya watu zaidi ya bilioni moja inatoa wapigaji wa kila namna, lakini warushaji wa kasi walio hodari kweli ni wa kuhesabu kwa vidole, na hata hao wameanza kuonekana juzi juzi tu. Ukatutazama sote ukauliza, "Kwa nini?" Watu wakaongeza sukari. Mimi roho iliniuma. Niliweka chai chini nikaenda kuchukua mpira nikusaidie.

Kwa faida ya Katibu, ambaye hajui kriketi: mmoja hurusha mpira, mwingine hulinda vijiti vitatu kwa gongo. Vijiti vikiangushwa, aliyekuwa akivilinda anatoka. Ni hayo tu, mengine ni kusimama juani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilirusha mpira mmoja. Kijiti cha katikati kiliruka mpaka kwenye baiskeli ya askari wa geti. Bwana Josphat Musili, afisa wa wafanyakazi, ambaye Jumamosi ndiye mwamuzi wetu, alinyoosha mikono yote miwili na kutangaza kwamba mpira umepita kando, yaani hauhesabiki. Kando ya nini, Bwana Kulkarni? Kijiti kilikuwa mikononi mwa askari. Wayua wa vifungo alinivuta sketi akaninong'oneza, "Kavutha, umeua mzee! Si ungerusha tu pole pole kama sisi?" Kufikia saa kumi nilikuwa nimehamishiwa idara ya kugawa glukosi na ndizi mbivu, ambayo haikuwepo asubuhi.

2. Nina miaka saba katika kiwanda hiki. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa nasimamiwa na ubao unaoandikwa kila saa idadi ya suruali tulizotakiwa kumaliza na tulizomaliza, na kila saa Bwana Munyao, msimamizi wa laini yetu, hupita akisema, "Kavutha, kasi! Hiyo zipu unashona ama unaichumbia?" Nimehimizwa kasi nikiwa na homa. Nimehimizwa kasi stima ikiwa imepotea. Katika miaka saba nimeambiwa nipunguze mwendo siku moja tu, Jumamosi, na siku hiyo ndipo nilipokuwa nimefikia kiwango.

3. Bwana Munyao ana maelezo yake, na ameyasambaza kantini nzima. Anasema Wahindi hawarushi kwa kasi kwa sababu wanakula ndengu badala ya nyama. Naomba aache. Sisi tumetoka Ndithini, na Ndithini tunalima hizo ndengu, tunazila kwa chapati, kwa wali, na siku mbaya tunazila kwa ndengu. Mkono uliokuangusha umejengwa kwa ndengu kuanzia bega hadi kidole. Sipendi kusikia chakula cha kwetu kikisingiziwa.

Wengine wanasema ni ardhi ya India, kwamba mpira ukigusa chini unalala. Hao hawajauona uwanja wetu nyuma ya stoo. Kiangazi una nyufa za kupoteza kiatu, na mvua ikinyesha unakushika miguu mpaka uombe msaada. Hata hivyo mpira wangu haukulala.

4. Sasa jibu lenyewe. Nikiwa msichana nilipewa kazi ya kuamia mahindi dhidi ya tumbili. Nilirusha mawe tangu jogoo hadi jua kuzama, na nikawa hodari kwa sababu moja: tumbili hakuwa mkubwa wangu. Hakuandika ripoti yangu ya mwaka. Hakuna aliyeniambia, "Kavutha, huyo ndiye anayetia sahihi likizo yako, mlenge kwa heshima."

Kiwandani gongo ni lako, Bwana Kulkarni. Unapiga wa kwanza kwa sababu wewe ni meneja mkuu. Anafuata mhasibu, halafu Bwana Munyao, kwa mpangilio uleule wa kuegesha magari. Kurusha tumeachiwa sisi wa mashine. Wayua anarusha mpira mwororo unaofika ukiwa umechoka, wewe unaupeleka mpaka ukutani, watu wanapiga makofi, na Ijumaa Wayua anaruhusiwa kutoka saa tisa. Simlaumu, ana mtoto wa kupeleka kliniki. Lakini mtoto wa kliniki na mrushaji wa kasi hawawezi kulelewa na Ijumaa moja.

5. Ugonjwa huu umevuka ua. Mwaka jana, katika fainali yetu na majirani wa kiwanda cha blanketi, meneja wao aliposimama na gongo nilidhani sasa Wayua ataachilia mkono, kwa kuwa yule si mkubwa wetu. Alimrushia pole pole kuliko anavyokurushia wewe. Nilipomuuliza alisema kaka yake ameomba kazi huko. Tumepoteza kombe miaka minne mfululizo, na kila mara tumelipoteza kwa adabu.

6. Nimekaa na jambo hili siku nne nikishona, na sasa naona mpaka India kwenyewe. Kila mtaa una mwenye gongo, na mwenye gongo ni mtu wa kuamkiwa. Mbele yake amesimama mtu mwenye bega zuri ambaye nyumba, kazi au mkopo wake uko mikononi mwa huyo anayelenga. Zidisha hiyo kwa bilioni. Kwa hiyo warushaji wenu hawakukosa kuzaliwa. Wako hai, wengi sana, wanarusha mipira myororo kwa watu wakubwa na kutoka saa tisa Ijumaa. Na kwa heshima zote, ukichunguza nani anawazuia, utakuta ni mtu mwema, mpenda nchi yake, anayeuliza swali wakati wa chai akiwa ameshika gongo. Nimesikitika kuligundua hili, lakini wewe ndiye uliyeuliza.

7. Kwa hiyo naomba, kwa ajili ya India, uache kupiga. Gongo uwape wale wanaopiga suruali pasi. Mameneja wote wa eneo hili warushe wao, na wakirusha pole pole waandikwe kwenye ubao kila saa. Wapigaji wakubwa wa India waletwe Ndithini mwezi mmoja, wasimame shambani kwa mama yangu mahindi yakiwa mabichi, nasi tutawatendea kama tulivyozoea. Wakirudi nyumbani watawaheshimu warushaji.

Kama hayo ni mazito, basi nipe moja tu. Fainali ni Jumapili hii. Nataka kurusha mpira. Nilipouachilia ule wa Jumamosi nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu nije Athi River, mkono wangu ulikuwa wangu, na hata mpira ulipopiga kijiti nilicheka kabla sijakumbuka ni cha nani. Usiniache pembeni na ndizi.

Nisalimie Mama nyumbani kwako, mhasibu, wapishi wa kantini, askari wa geti na baiskeli yake. Josphat msalimie pia, ila umwambie salamu zimepita kando.

Wako katika kazi na katika kriketi,

Peris Kavutha Maundu

N.B. Ijumaa. Barua hii ilikuwa bado mkobani nilipoitwa ofisini kwako leo asubuhi. Asante sana. Sikutarajia kwamba Bwana Munyao angehamishwa kwenda stoo, wala kwamba Laini ya Saba ingepewa mimi niisimamie. Nilipoambiwa pia kwamba msimamizi anapiga wa tatu, nilishika gongo kwa mara ya kwanza, na ni chombo kizuri sana, kimekaa mkononi kama kilinisubiri.

Mazoezini saa kumi nilirushiwa na msichana mpya wa kupiga pasi, anaitwa Mutanu. Ametoka Masinga, na nasikia amekua akifukuza viboko wa bwawani kwa mawe. Mpira wake ulipita hapa karibu na sikio, kisha ukashuka ukaangusha kijiti. Wenzake walicheka. Huyo ni mtoto asiye na heshima, na naomba ahamishiwe glukosi kabla ya Jumapili. Josphat alisema ulipita kando, na nimemwona leo kuwa mwamuzi mwenye macho makali.

Namba 1 hadi 7 uzichane. Wayua nimempa ruhusa ya saa tisa.

Kuhusu India, nimefikiria upya. Nadhani ni ndengu.